Ndiyo za Mwanaheri

Kinole nzima, juu kwenye milima ya Uluguru, ilimjua Mwanaheri kwa mdomo wake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya bonde. Tangu wachuuzi wa Dar waruhusiwe kupanda wenyewe na malori yao kununua ndizi na iliki, bila kupitia kwenye chama cha ushirika, wanawake wenzake walikuwa wakimtanguliza yeye mbele kusema nao. Mchuuzi aliyefika asubuhi akijiona mjanja wa Kariakoo, jioni aliteremka mlima akimwita mama. Ndiyo maana hata yeye mwenyewe alishangaa siku alipokaa mbele ya daktari mjini Morogoro akakuta ulimi wake umelala.

Uvimbe wenyewe ulikuwa umeanza kama punje ya kunde, kwenye titi la kushoto. Hakumwambia mtu. Aliupaka mafuta ya nyonyo, akausomea dua, akauacha. Ulipofikia ukubwa wa kungumanga, bintiye Hafidha, aliyekuwa akiuza mitumba Mwembesongo, mjini Morogoro, alikuja nyumbani kwa Maulidi na blauzi ya kumjaribishia mama yake. Mama alipoinua mikono kuivaa, binti akauona. Hakupiga kelele. Alikunja ile blauzi polepole, akasema, "Mama, kesho tunashuka wote."

Hospitalini walikata kinyama kidogo, kikapelekwa Dar kupimwa, na majibu yaliporudi aliitwa. Daktari Eustace alikuwa mtu mpole, lakini foleni nje ya mlango wake ilifika hadi kwenye ngazi.

"Mama," alisema, "ni saratani. Titi hili inabidi litoke, na tukiwahi una nafasi nzuri ya kupona. Tutakufanyia upasuaji Jumanne. Umenielewa?"

"Ndiyo, daktari," akajibu Mwanaheri.

Alilazwa. Jumatatu asubuhi, muuguzi mmoja anayeitwa Winfrida, mwanamke mrefu mwenye mwanya, aliwakalisha wagonjwa wa kesho yake kwenye benchi la varanda awafundishe. Aliwaeleza kwamba kuanzia jioni wasile, na asubuhi wasinywe hata maji, kwa sababu mtu aliyelazwa kwa nusu kaputi, ile dawa ya usingizi, akitapika anaweza kupaliwa. Wavue bangili na hereni. Wakizinduka watakuta dripu mkononi na mpira mwembamba ubavuni unaoshuka kwenye chupa; wasiushtukie wala kuuvuta, unatoa maji machafu ya kidonda. Wavute pumzi ndefu, wakohoe hata kama kunauma, wainue mkono kila siku usije ukakakamaa, ila wasiubebeshe tena mzigo mzito. Alisema vizuri, kwa sauti safi, na kila alipomaliza jambo aliuliza kama wameelewa.

"Ndiyo, sista," alisema Mwanaheri. Kila mara ndiyo.

Kusema kweli alisikia nusu tu. Nusu nyingine ya akili ilikuwa kwa Shamsia, rafiki yake wa kijiji cha jirani, aliyepelekwa kupasuliwa mwaka wa njaa akarudishwa ndani ya sanda. Watu walisema kisu kimeingiza hewa, na ugonjwa ukiguswa na hewa husambaa kama moto wa kiangazi. Na kulikuwa na jambo jingine. Siku aliyolazwa alimwona mfanyakazi akitoka chumba cha upasuaji na ndoo yenye kifuniko, akazunguka nayo nyuma ya jengo. Tangu hapo kila alipofumba macho aliiona ile ndoo. Lakini utamuulizaje msomi jambo la namna hiyo? Mtu mzima huwezi kulazwa kwenye kitanda cha watu, ukaanza kuhoji ndoo.

Basi Jumanne asubuhi, alipoambiwa akaoge, alijifunga kanga zake, akachukua kapu lake, akapita getini akimsalimia mlinzi vizuri tu kama mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa. Saa ambayo daktari alikuwa akinawa mikono, Mwanaheri alikuwa nyuma ya pikapu ya Kinole, upepo wa mlima ukimpiga usoni, akijiambia kwamba ameokoka.

Nyumbani alisema amepewa dawa na amepona. Wengi walifurahi. Mjomba wake, Mzee Abdulswamad, alimpa mgongo. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno. Mzee Abdulswamad alikuwa kaka wa mwisho kubaki wa marehemu mama yake Mwanaheri, na alikuwa amenuna tangu aliposikia kwamba mtoto wa dada yake amelazwa bila yeye kuulizwa. Alikuwa mwepesi wa kuudhika na mzito wa kuuliza. Kwa hiyo uongo ulikaa pale nyumbani kama mgeni ambaye hakuna anayetaka kumuuliza ataondoka lini.

Jumamosi yake, Mwanaheri alikuwa jikoni akimenya ndizi aliposikia lori la wachuuzi likiunguruma kwenye kona. Alichungulia. Juu ya matenga matupu, wekundu kwa vumbi, walikaa Hafidha na yule muuguzi mrefu. Alirudi ndani upesi akajifanya anachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Mzee Abdulswamad alikuwa kibarazani amefungua redio yake tumbo wazi, akiitafutia ugonjwa kwa kisu cha kumenyea. Winfrida akajipangusa vumbi, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Watokea wapi, binti?"

"Natokea mjini, mzee, nafanya kazi hospitali. Lakini kwetu Tabora. Mimi ni Mnyamwezi."

Mzee akaweka kisu chini. Uso uliokuwa umekunjamana wiki nzima ukaanza kufunguka pembeni.

"Mnyamwezi," akasema. "Basi hiyo shikamoo irudishe mfukoni. Mpagazi hanidanganyi mimi kwa adabu. Mzigo wa watu umeutupa wapi?"

"Nimeuacha bondeni," akajibu Winfrida bila kupepesa. "Niliambiwa huku juu mnalima ukutani, tena mkiwa mmejifunga kamba. Nikaona nisije na mzigo kichwani, Mluguru akaniporomokea."

Wanawake waliokuwa wakianua nguo waliacha kazi wakasogea. Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara, wakati Wanyamwezi walipopita chini ya milima hii na mizigo kwenda pwani. Mtani husema lisilosemeka, na anayekasirika ndiye mwenye aibu. Mzee Abdulswamad hakuwa amepata mtani wa kumtosha kwa muda mrefu, na sasa mmoja ameletwa hadi mlangoni na lori la ndizi.

"Umefuata nini?" akauliza.

"Kuchimba kaburi."

Mwanamke mmoja akadondosha nguo aliyokuwa ameianua.

"Si mtani ndiye mwenye kazi hiyo?" akaendelea Winfrida. "Nimesikia Mwanaheri ameamua kufa. Mimi nina zamu zangu hospitali, siwezi kuitwa ghafla mvua zikiwa zimekolea na mlima unateleza. Nikasema nije mapema nionyeshwe mahali, nichimbe taratibu, niondoke."

Jikoni Mwanaheri aliuma mdomo, akashindwa. Kicheko kilimtoka, kile kile cha ng'ambo ya bonde, na baada ya hapo isingewezekana tena kujificha. Akatoka na ndizi mkononi.

"Nani kakwambia nimeamua kufa?"

"Kitanda chako. Nimekikuta kimetandikwa vizuri, kinanicheka."

Watu walicheka, ila Mzee Abdulswamad alikuwa amekwisha kuacha kucheka. Alimtazama mpwa wake. "Si ulisema umepona?"

Mwanaheri akatazama ndizi. Ilibidi Hafidha aseme: ugonjwa ni saratani, titi lilikuwa litolewe Jumanne, na mama ametoroka. Alisema polepole, akilia kidogo, kisha akamaliza.

"Yaani mnataka kumkata mtoto wa dada yangu," akasema mzee, "na mimi nasikia kwa mpagazi."

Hapo Winfrida aliacha utani. Alikaa chini mkekani, miguu upande, kama binti wa pale pale.

"Hilo kweli, mzee. Kosa ni letu. Nilimfundisha yeye bila ndugu zake, asubuhi moja, na nilimuuliza kama ameelewa akanijibu ndiyo. Nikaridhika na hizo ndiyo. Sikumuuliza anaogopa nini, wala nani nyumbani anapaswa kujua. Nimekuja kuanza upya, mkinikubalia, mbele ya wote."

Mzee akasukuma redio pembeni. "Anza," akasema. "Lakini mimi nitauliza."

Na aliuliza. Kwanza ile habari ya hewa. Winfrida hakuidharau. Alimuuliza Shamsia alikuwa na uvimbe kwa muda gani kabla ya kupelekwa. Wanawake wakatazamana. Tangu kabla ya mwanawe wa mwisho kutembea, akasema mmoja. Mwishoni ulikuwa umepasuka na unanuka.

"Basi ugonjwa ulikuwa umeshatembea mwilini siku nyingi," akasema Winfrida. "Watu wanaona kisu kwa sababu kilikuja mwisho. Ile miaka hawaioni. Huyu wenu bado uvimbe wake unacheza chini ya kidole, ngozi nzima. Siwezi kuapa kwamba atapona, hakuna anayeweza. Lakini kati ya wanaowahi kama yeye, nimewaona wengi wakirudi nyumbani na kuzeeka."

Mzee akauliza kuhusu nusu kaputi: mtu akilazwa hivyo, roho inakwenda wapi? Winfrida akasema hilo amuulize shehe, yeye anajua la mwili tu. Kuna mtu maalumu anayekaa kichwani kwa mgonjwa tangu mwanzo hadi mwisho, kazi yake kuhesabu pumzi na kushika mapigo ya moyo, haondoki hata kwenda kunywa chai.

"Hata chai?" akauliza mzee, kwa heshima.

"Hata chai."

Kisha akasema anataka mtu wa kujifanya mgonjwa, kwa sababu maneno huyeyuka lakini kilichoonwa hukaa. Alimtazama mzee. Mzee akatazama pembeni. "Mluguru anaogopa mkeka," akasema Winfrida, na kwa hilo tu akampata. Mzee Abdulswamad, mkubwa wa ukoo, akalala chali kibarazani kwake, kofia juu ya kitambi. Akafungiwa kamba ya mgomba ubavuni kuwa ndio mpira, na kibuyu kuwa ndiyo chupa. Akaagizwa kuvuta pumzi hadi chini, aishike, aitoe. Akaonyeshwa kukumbatia mto kifuani ili akohoe bila kidonda kutoneshwa, na alikohoa kikohozi cha mtu aliyevuta tumbaku tangu enzi ya Mwingereza, hadi mbuzi wakasimama. Mwisho akainuliwa, akaelekezwa ukutani, vidole vya mkono wa kushoto vitembee juu kama buibui, leo hapa, kesho juu kidogo.

"Huku ndiko kulima ukutani," akasema mzee, akihema. "Mbona hii tunaijua."

Mwanaheri alicheka hadi machozi yakamtoka, na alipoyafuta aligundua kwamba mengine hayakuwa ya kucheka. Neno lililomkaa moyoni tangu siku ya ndoo likatoka lenyewe.

"Sista," akasema. "Titi lenyewe. Mkishalitoa, mnalipeleka wapi?"

Waliokuwa nyuma wakasogea. Wanawake wote walikuwa wakilitaka jibu hilo.

Winfrida alimgeukia. "Miaka yote niliyofundisha hakuna aliyeniuliza hilo, na mimi sikuwahi kusema," akasema. "Sehemu yake inakwenda Dar kupimwa, wajue ugonjwa umefika wapi. Iliyobaki inachomwa kwenye tanuri ya hospitali. Haitupwi, wala haiachwi wazi. Lakini jamaa wakiitaka wakaizike, wakaomba mapema, daktari anaruhusu. Nitamwambia mwenyewe."

"Kiungo cha Mwislamu huzikwa," akasema Mzee Abdulswamad. "Kitarudi hapa. Kitalala karibu na kaburi la dada yangu."

Alilisema kama mtu aliyekwisha kuamua na yale mengine yote. Mwanaheri akakaa kizingitini na ile ndizi yake ambayo hakuwa amemaliza kuimenya.

"Basi sasa," akasema Winfrida, "usiniambie ndiyo. Nimeshiba ndiyo zako. Nieleze wewe, kama unamweleza jirani ambaye hajui kitu: siku hiyo utafanywa nini?"

Hapo ndipo Kinole ilipompata Mwanaheri wake. Alisimama, akafunga kanga kiunoni. Alisema atalala na njaa kama mtu aliyefunga bila daku, na akipita mtu na mandazi wodini asimtazame. Alisema atalala akiwa na matiti mawili na kuamka na moja, na kwamba mtu wa nusu kaputi atamlinda kama mlinzi wa shamba la iliki. Alisema akiamka asiugombanie mpira, maana ni mfereji tu, na mfereji ukiziba maji hurudi nyumbani. Aliruka jambo moja, la kukohoa, na mzee akamkumbusha kutoka mkekani. Aliposema mkono wa kushoto hautabeba tena kapu zito, alisita kidogo, kisha akasema, "Basi wachuuzi watajibebea wenyewe. Ndiyo biashara huria hiyo." Winfrida hakumsahihisha popote.

Alipasuliwa wiki iliyofuata. Safari hii aliteremka na ukoo: mjomba mbele akiwa na kofia mpya, Hafidha, na wanawake wawili wa kubadilishana zamu ya kumtazama. Asubuhi ile Mzee Abdulswamad alimfuata mtu wa nusu kaputi hadi mlangoni, akamuuliza kama amekwisha kunywa chai yake. Yule bwana alisema amekunywa. Mzee akatikisa kichwa kukubali, akarudi kukaa.

Mwanaheri alikumbuka taa kubwa, baridi, na sauti ya Winfrida ikimwambia avute pumzi. Kisha akakumbuka kiu. Alipozinduka alipapasa ubavuni, akaukuta mpira, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Mfereji upo." Akalala tena. Kidonda kiliuma, na usiku wa kwanza alilia, kwa maumivu na kwa titi lililonyonyesha watoto wake wote. Hakuna aliyemwambia asilie. Siku iliyofuata mjomba alimsimamisha ukutani, akampanga vidole, akawa mkali kuliko wauguzi wote, hadi mgonjwa wa kitanda cha pili, Eufrazia, mke wa mfanyakazi wa shamba la miwa Kilombero, aliyekuwa akingoja zamu yake na hajasema na mtu, akauliza yule mzee ni daktari wa nini.

"Ni mjomba wangu," akasema Mwanaheri. "Kaa hapa nikwambie. Wewe unaogopa nini hasa?"

Mazishi yalifanyika Kinole, asubuhi yenye ukungu, kwa wakubwa wachache wa ukoo. Kilichokuwa kimefungwa kwa kitambaa cheupe kilikuwa kidogo sana, na shimo likachimbwa dogo. Winfrida alikuja, akashika jembe kama ilivyo haki yake, akalalamika kwamba Waluguru wabahili hata maiti zao wanazizika kwa mafungu. Mzee Abdulswamad alicheka mpaka ikambidi ashikiliwe. Mwanaheri alisimama pembeni na bandeji yake, na moyoni hakukuta huzuni aliyoitarajia. Alikuta kitu kama utulivu wa mtu aliyemsindikiza mgeni vizuri hadi njiani.

Majibu ya Dar yalipokuja, ugonjwa ulikutwa pia kwenye tezi chache za kwapani. Ilibidi aende kupigwa mionzi, na safari hiyo haikuwa na mzaha mwingi. Alirudi mwembamba, ngozi ya kifua imeungua, hataki hata harufu ya mchuzi. Lakini mvua za vuli zilipoisha alikuwa anakula, na mkono wa kushoto ulikuwa unafika kichwani kufunga kilemba.

Hafidha ndiye aliyemtengenezea titi. Alichambua marobota yake Mwembesongo hadi akapata sidiria imara ya kizungu, akashona kifuko, akakijaza sufi. Kilikaa vizuri. Msimu wa iliki ulipofunguka, Mwanaheri akakivaa na kwenda kukutana na wachuuzi.

Mmoja wao, kijana mgeni aliyevaa kofia ya kuchezea mpira, aliona mama amekonda akadhani atamyumbisha. Akaanza kuiponda iliki: ndogo, mbichi, haina harufu. Mwanaheri akamjibu kwa mikono yote miwili kama zamani, akainama kuchota punje amnusishe, akainuka, akazungusha bega. Wanawake wenzake wakaanza kukonyezana. Titi la sufi lilikuwa limepanda na sasa limekaa karibu na shingo.

Kijana alitazama, akatazama pembeni, akasahau alichokuwa akisema.

Mwanaheri akaingiza mkono, akalitoa, akalikung'uta, akaliweka juu ya gunia lililokuwa karibu.

"Joto," akamwambia. "Haya, endelea. Ulikuwa unasema iliki yangu haina nini?"